Karatasi Nzuri za Bi Zdravka Manolcheva

Kosa la wengi wanaoanza kupaka rangi za maji si kushika brashi vibaya, wala kuchanganya rangi mpaka zikageuka tope. Kosa ni kununua karatasi nzuri kisha kuificha. Mtu anaitia kwenye kabati la vioo sebuleni, kando ya vikombe vya harusi ambavyo havijanywewa tangu siku ya harusi, halafu anajifunzia kwenye karatasi ya daftari. Karatasi ya daftari ikipata maji hujikunja kama jani la kabichi. Maji hukusanyika bondeni, anga lililokusudiwa kuwa jeupe linapata ziwa katikati, na mtu anaweka brashi chini na kusema, "Mimi sina kipaji." Kipaji anacho. Alichokosa ni karatasi, na karatasi iko hatua nne kutoka pale alipokaa.

Bi Zdravka Manolcheva amepigana na kosa hilo kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi. Aliajiriwa katika Nyumba ya Kusomea, kituo cha utamaduni cha mji wetu wa Dolna Krusha, tarehe 1 Oktoba 1988, na leo, Ijumaa tarehe 30 Mei 2025, anastaafu akiwa ametumikia miaka thelathini na sita na miezi minane. Kwa miaka thelathini na mmoja kati ya hiyo, maktaba yangu imepakana na chumba chake. Ukuta uliopo kati yetu ni mwembamba, kwa hiyo mengi ninayoyaeleza hapa niliyasikia mwenyewe, mengine bila kutaka.

Kabla sijaenda mbali, nieleze jambo linalomnyima raha mstaafu wetu wiki hii. Halmashauri ya mji ina kanuni kwamba darasa lisilo na majina kumi na mawili ifikapo mwisho wa Mei hunyang'anywa chumba. Sisi wafanyakazi hatuhesabiwi. Darasa la Jumanne la rangi za maji, uchoraji na mwandiko lilikuwa na watu kumi na wanne. Watatu wamewafuata watoto wao Ujerumani na Hispania, na wawili walisema kama Mwalimu haji, nao hawaji. Wakabaki tisa. Chumba kimeshapimwa kwa futi ya kamba, kwa sababu kuna mashine za kukimbilia mahali pamoja zinazosubiri kuingia. Bi Zdravka alimkuta mkurugenzi wetu, Bwana Lazarinov, akiwa amepiga magoti na hiyo futi, akamwambia, "Niageni mnavyotaka, keki nitakula. Lakini siwezi kustaafu kutoka kwenye darasa lililokufa. Huko si kustaafu, huko ni kuzika."

Hakuanza kama mwalimu. Aliajiriwa kuandika kwa mkono. Wakati ule kila nyumba kama yetu ilikuwa na mtu wa mabango, na kazi yake ilikuwa kuandika maneno makubwa kwenye vitambaa vyekundu, maneno ya chama tawala aliyoletewa kutoka ofisini. Siku moja ya Novemba 1989 alikuwa kwenye bango la mita sita. Alikuwa ameshaandika "Daima mbele pamoja na", nafasi kati ya herufi zimepimwa vizuri kabisa, ndipo akaenda kula chakula cha mchana. Aliporudi, redio ilikuwa imetangaza mabadiliko ya serikali, na hakuna mtu katika jengo zima aliyejua sasa ni pamoja na nani. Akamuuliza mkurugenzi wa wakati huo.

"Acha hivyohivyo," mkurugenzi akasema. "Tutaona."

Bango lilining'inia mlangoni hivyohivyo hadi Machi. Bi Zdravka anasema hakuna kazi yake iliyowahi kusomwa kwa makini kiasi kile. Watu walisimama chini yake wakamalizia kila mmoja kwa jina alilotaka, na mwenye duka la mikate alimalizia kwa jina la mke wa jirani yake.

Baada ya hapo vitambaa vyekundu vikakosa kazi, naye akageukia mambo mengine: matangazo ya sinema, vyeti vya shule, majina kwenye milango ya madaktari, na zile herufi kubwa za mbao tunazozibeba barabarani kila tarehe 24 Mei, Sikukuu ya Herufi, ambazo tangu 1990 hazijachorwa na mkono mwingine. Katika miaka ya tisini, uchapaji ulipokuwa shida, aliandika pia karatasi za msiba. Kila familia hapa mtu wake akifa hubandika karatasi yenye jina, picha na umri, mlangoni, kwenye nguzo na kituo cha basi, na huibandika tena baada ya siku arobaini, baada ya mwaka, na kuendelea. Aliandika mamia. Alikuwa na sheria moja tu, kwamba jina la marehemu haliandikwi kwa haraka, kwa sababu yeye mwenyewe hana haraka.

Darasa la Jumanne lilianza Oktoba 1996 na watu watano. Mmoja wao alikuwa amekosea chumba, alitaka kwaya. Bi Zdravka hakumwambia. Alimpa brashi.

Somo lake la kwanza halina rangi hata kidogo, na wengi hukasirika. Kila mtu hupewa kipande cha karatasi nzito ya pamba, brashi na kikombe cha maji, anaambiwa alowanishe ukurasa mzima, kisha akae autazame ukikauka. Nieleze sababu, maana ni nzuri. Rangi ya maji haiendi unakotaka wewe, inaenda kuliko na maji. Asiyejua maji yamefika wapi hajui rangi itafika wapi. Kung'aa kukiondoka na ubaridi ukabaki, hapo ndipo pa kuweka rangi ya pili; ukiwahi itatapakaa, ukichelewa itaacha ukingo kama alama ya kikombe mezani. Somo la pili ni rangi tatu tu, nyekundu, manjano na bluu, na marufuku kununua kijani. La tatu ni herufi. Humo huwafundisha kutochora herufi bali nafasi iliyo kati yake, kama mtu anayepanga viti: kiti kila mtu anacho, kazi ni watu wasigusane magoti.

Lakini ufundi haukuwa sehemu ngumu. Sehemu ngumu ni wiki ya nne. Wiki ya nne msisimko umekwisha, picha bado mbaya, na mtu anasema anasubiri hamu irudi. Bi Zdravka huwa na jibu moja, nimelisikia kupitia ukuta pengine mara mia: "Hamu ni mgeni anayefuata harufu ya chakula. Nyumba isiyopika hapiti." Kwa hiyo akaweka sheria ya mdila, yaani birika la kahawa. Kila asubuhi weka mdila wa kahawa jikoni, uchore chochote kilicho mbele yako mpaka kahawa ipande, kisha uache. Hata kama picha ni mbaya, hasa ikiwa ni mbaya. Dakika nne tu. Hakuna mtu mwenye shughuli nyingi kiasi cha kukosa dakika nne, wala mwenye kipaji kikubwa kiasi cha kuziharibu zote.

Majira ya baridi ya kwanza ya sheria hiyo, majiko ya Dolna Krusha yaliunguza kahawa kila nyumba. Mume wa mwanafunzi mmoja alikuja maktaba, hakutaka kitabu.

"Bwana Metodi, mwambie huyo jirani yako. Mke wangu amechora mdila mara arobaini, na mara zote arobaini nimekunywa chai."

"Michoro yenyewe ikoje?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Ule wa thelathini na saba," akasema, "ungeweza kumimina."

Septemba ilikuwa na shida yake. Septemba mji mzima unachoma pilipili hoho za kuhifadhi kwa majira ya baridi, na hakuna mtu wa kuja darasani. Miaka miwili Bi Zdravka alikaa peke yake na viti. Mwaka wa tatu alihamishia darasa uani kwa Bi Stoyna Karadzhova, mshonaji, penye jiko kubwa la kuchomea, akatangaza kwamba hakuna pilipili itakayoingia motoni kabla ya kuchorwa. Uchomaji uliokuwa ukiisha kwa siku moja ukachukua siku tatu. Wanafunzi wakajifunza nyekundu saba za pilipili moja, na pia kuchora upesi, maana mfano wao ulikuwa ukiliwa.

Bi Stoyna huyu ndiye aliyeleta vile vita vya karatasi. Binti yake anaishi Munich, na kila Krismasi humtumia mama yake pakiti ya karatasi bora ya pamba. Bi Stoyna aliziweka kabatini, nyuma ya kioo, kwa mpangilio wa miaka. Darasani alikuja na mgongo wa kalenda ya zamani. Mwaka 2011 Bi Zdravka alimtembelea na sahani ya keki ya maboga, akakaa, akakaribishwa kahawa, akatazama kabati.

"Naona una karatasi."

"Hiyo ni ya siku nitakapokuwa najua."

"Utajuaje bila hiyo?"

"Nitajua tu."

"Na vikombe hivi vyenye dhahabu mdomoni?"

"Vya wageni."

"Na mimi ni nani, Stoyna?"

"Wewe ni Zdravka."

Bi Zdravka akainuka, akafungua kabati, akatoa pakiti ya juu, akachovya kidole gumba kwenye mashapo ya kahawa yake, akakigandamiza katikati ya karatasi ya kwanza. Kisha ya pili. Kisha ya tatu, mpaka pakiti ikaisha.

"Haya," akasema. "Zimeshaharibika. Sasa unaweza kuanza."

Bi Stoyna hakumsalimu kwa wiki mbili, hata kanisani. Wiki ya tatu akaja darasani na karatasi ambayo alama ya kidole ilikuwa imegeuzwa pera, na kando yake mapera mengine sita yaliyofanya lile la kahawa lionekane kwamba ndilo lililokosea kuja. Ndiyo picha yake ya kwanza ambayo hakuichana. Kuanzia siku hiyo wanafunzi walianza kuleta karatasi zao mpya wenyewe, wakizinyoosha mbele kama watoto wanaopelekwa chanjo, na Bi Zdravka alizipiga muhuri wa kahawa moja baada ya nyingine.

Mwingine wa kutajwa ni mzee Gencho Uzunov, dereva wa treni aliyestaafu. Alikuja mwaka 2016, akiwa na miaka sabini na miwili, akavua kofia mlangoni.

"Mwalimu, nataka kujifunza kuandika karatasi yangu ya msiba."

"Unaumwa, mzee wangu?"

"Siumwi. Ila nikifa ataiandika shemeji yangu, na uliiona aliyomwandikia dada yangu. Jina limeanza kubwa likaishia dogo, kama treni inayoondoka."

"Nitakufundisha," Bi Zdravka akasema. "Kwa sharti moja. Hutaitumia kabla sijaipitisha."

Wakapeana mikono. Kila mwaka tangu hapo, wiki ya siku yake ya kuzaliwa, mzee Gencho huleta karatasi mpya. Kila mwaka hukataliwa. Mwaka wa kwanza herufi ya tatu ilikuwa imelewa. Mwaka wa nne nafasi zilikuwa nzuri lakini miguu ya herufi ilikuwa haijavaa viatu. Mwaka wa sita alidhani amemaliza. Bi Zdravka akaweka miwani, akatazama muda mrefu, akasema jina ni zuri lakini umri haukukaa vizuri, aongeze. Mzee huondoka akinung'unika ngazi zote mbili, na Jumanne inayofuata hurudi. Amefikisha themanini na mmoja. Daktari wake wa moyo, anayemwekea mipaka ya kila kitu, amemruhusu ngazi za Nyumba ya Kusomea.

Sasa nifike mahali ambapo mstaafu wetu aliniomba nisifike. Nimekataa, kwa sababu wasifu usio na aibu hata moja ni tangazo la biashara.

Pasaka ya mwaka huu darasa lote lilikwenda nyumbani kwake na mayai ya rangi, nami nikafuatana nao. Ilikuwa mara ya kwanza. Miaka yote yeye ndiye aliyekuwa akiwatembelea watu. Bi Stoyna akaenda kutafuta sahani kwenye kabati la vioo. Tukasikia mlango wa kabati ukifunguliwa. Akarudi ameshika pakiti imefungwa kamba, imegeuka manjano pembeni.

"Mwalimu. Hii ni nini?"

Bi Zdravka akatazama yai lake.

Zilikuwa karatasi arobaini za pamba, za daraja la juu. Marehemu mumewe, Hristo, alimletea kutoka Italia mwaka 1991 alipokwenda huko kwa kazi ya lori. Tarehe iliandikwa juu kwa mkono wake. Fundo la kamba lilikuwa lilelile alilofunga yeye.

"Hizo," Bi Zdravka akasema, "ni za siku nitakapokuwa na nafasi."

"Miaka thelathini na minne," mzee Gencho akasema. "Mwalimu, mimi nimeendesha treni za nchi hii. Hata zetu hazijawahi kuchelewa hivyo."

Bi Stoyna alivuta kiti. Alikaa, akaifungua kamba kwa uangalifu wa mshonaji, akasogeza kikombe cha kahawa karibu.

"Stoyna, usithubutu."

Bi Stoyna akachovya kidole gumba, akakigandamiza. "Haya," akasema. "Zimeshaharibika. Sasa unaweza kuanza."

Tulicheka mpaka mayai yakabiringika mezani. Kisha mtu akaleta brashi na rangi, Bi Zdravka akaweka bluu kwenye karatasi ya kwanza. Rangi haikutembea. Ilizama palepale ilipoguswa, kama wino kwenye kitambaa. Karatasi ya rangi za maji hutiwa gundi nyembamba ili maji yakae juu kidogo kabla ya kunywewa. Gundi hiyo ikiwekwa miaka mingi, hasa penye unyevunyevu, hufa. Karatasi inabaki nzuri kwa macho, na haifai tena kwa kazi iliyozaliwa kuifanya. Wanaosema akiba haiozi hawajawahi kuweka karatasi ya rangi za maji.

Alijaribu ya pili, na ya tatu. Zote zilikuwa hivyo. Akaweka brashi chini, akaupitisha mkono juu ya maandishi ya Hristo.

"Angefurahi kuziona zimepakwa," akasema. "Aliniuliza kila mwaka. Nikawa namwambia, bado."

Aliyejibu ni mzee Gencho, naye hakuwa anafariji, alikuwa anauliza swali la darasani: "Kwa hiyo hazifai kwa anga. Kwa ukungu je?"

Bi Zdravka akamtazama. Akaloweka karatasi nzima, akagusa kijivu mahali pamoja, akaacha kizame. Ulikuwa ukungu kweli, ule wa bonde letu wa mwezi wa kumi na moja, unaokaa chini na hauondoki ukifukuzwa. Alipaka nyingine. Alipaka hadi nyama ya kondoo ikapoa na supu ikarudishwa jikoni mara mbili. Wiki tatu zilizofuata alimaliza zote arobaini, na ndizo zinazoning'inia kwenye kuta za ukumbi huu jioni hii. Ile yenye kidole cha Bi Stoyna iko karibu na mlango. Amekigeuza jua.

Siku aliyopaka ya arobaini ndiyo siku alipoandika barua ya kustaafu. Tulidhani amechoka. Alisema hapana, amegundua tu kwamba anataka kupaka kila siku, na kwamba miaka yote amewaambia watu waanze huku yeye mwenyewe hajaanza.

Ndipo likaja suala la chumba. Bwana Lazarinov, ambaye si mtu mbaya, ni mtu wa kanuni, aliuliza nani atafundisha. Bi Zdravka akamwonyesha mzee Gencho.

"Mimi?" mzee akasema. "Karatasi yangu bado hujaipitisha."

"Ndiyo sababu. Mwalimu aliyemaliza kujifunza ni hatari kwa wanafunzi."

"Na nikifa katikati ya mwaka?"

"Kwa herufi zile? Hutathubutu."

Mzee akaomba siku moja afikirie. Jumanne hii akaja na jibu la ndiyo, na pia, kwa kuwa aliona amempata Mwalimu mahali pazuri, akaja na karatasi ya msiba mpya. Imekataliwa. Safari hii Mwalimu hakuifungua hata kuitazama. Wale wawili waliokuwa wameapa kutorudi walisikia kwamba mzee Gencho atafundisha, wakarudi, mmoja kwa sababu anampenda na mwingine kwa sababu hataki kukosa kuona itakavyokuwa. Sasa majina ni kumi na moja, la mzee Gencho likiwamo, maana bado ni mwanafunzi.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Nyumba ya Kusomea, asante, Bi Zdravka: kwa mabango uliyoyamaliza na lile ambalo historia haikukuachia umalize, kwa majina ya marehemu wetu uliyoyaandika bila haraka, na kwa watu zaidi ya mia nne wa mji huu mdogo ambao leo wanaweza kutazama pilipili na kuona nyekundu saba. Tunakuombea asubuhi ndefu, mwanga unaotoka kushoto, karatasi zisizokaa ndani zaidi ya wiki, na kahawa inayochukua muda wake kupanda.

Nimalizie kwa jambo la kiofisi. Orodha ya darasa la Jumanne imebandikwa mlangoni, penseli imefungwa kwa uzi, na ofisi inafungwa saa kumi na mbili jioni. Ukumbini tuko kama themanini, na nimeishi na watu wa hapa muda wa kutosha kujua kwamba kila mmoja anadhani mwenzake ameshaandika. Hajaandika. Ukishasoma mstari huu, inuka sasa hivi, nenda mlangoni, uandike jina lako penye namba kumi na mbili.